Mnong'onezi Mkuu na Simu Isiyosema

Nchi yetu haimo kwenye ramani. Wageni wakiuliza sababu tunawaambia ukweli: Idara ya Ramani ilisahau nywila yake miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo haijaweza kuingia kwenye mfumo wake ili kuongeza chochote. Katika ramani iliyopo, mto uliohama bado unapita pale pale pa zamani, na mji mkuu, ambao ulijengwa baadaye, unaonekana pori. Mkurugenzi wa idara hiyo huenda kazini kila siku, hukaa mbele ya kompyuta, hujaribu yale maneno matatu anayoruhusiwa kujaribu kwa siku, kisha hurudi nyumbani kwake. Ameshapata nishani mbili za uvumilivu.

Nasema haya ili ujue kazi yangu ilikuwa na uzito gani. Jina langu ni Faki Ngole, na kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa Mnong'onezi Mkuu wa Serikali.

Kanuni za nchi zinasema nywila ya kiongozi lazima iwe na herufi ishirini na moja, ndani yake mkiwa na jina la ndege, tarakimu mbili, na alama moja ambayo ukoo wake haujawahi kuitumia. Lazima ibadilishwe kila Jumatatu. Isiandikwe popote. Viongozi wetu wana mambo mazito vichwani, kwa hiyo wengi walikuwa wakiweka majina ya wake zao, na siri ikavuja, na nyumba kadhaa zikavunjika pale ilipogundulika kwamba majina yenyewe hayakuwa ya wake zao. Ndipo Serikali ikaanzisha kada ya Wanong'onezi. Kila kiongozi alipewa mtu wa kuikariri nywila yake na kumnong'oneza sikioni kila asubuhi, naye akaiandika kwenye kompyuta kabla hajaisahau. Tulikuwa elfu nne. Tulikuwa na sare, tulikuwa na wimbo wetu unaoimbwa kwa kunong'ona, na tulikuwa tunapewa posho ya iliki, maana mtu hawezi kulisogelea sikio la Serikali na harufu ya kiporo mdomoni.

Mimi nilikuwa na sikio la Mheshimiwa Tundwe Mkangara, Waziri wa Mambo Yote. Alikuwa Waziri wa Mambo Yote kwa sababu wenzake kumi na wanane walishindwa kuingia kwenye mfumo ili kukubali uteuzi wao. Kila asubuhi saa mbili na robo niliingia ofisini kwake, nikatema ganda la iliki kwenye leso, nikainama, nikamnong'oneza. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshainama, nilikuwa naongeza maneno mawili matatu ya kizalendo. Kwa mfano: "Naibu wako jana alicheka peke yake." Au: "Mkuu wa Bandari amenunua kiti kinachofanana na chako." Sikuwahi kumsema mtu vibaya, nilikuwa natoa taarifa tu. Yule naibu sasa ni Mkuu wa Idara ya Ukungu, huko milimani, na nasikia afya yake ni ya wastani.

*

Mambo yaliharibika kwa sababu ya Siku ya Shemeji.

Jumanne moja Mheshimiwa alipata barua kwenye kompyuta yake. Ilimwambia kwamba akaunti yake itafungwa mchana ule, isipokuwa abonyeze hapa na aingie upya. Akabonyeza. Ukatokea ukurasa wa Wizara, wenye nembo yetu, na picha yake akiwa anapanda mti. Akaniita. Nikamnong'oneza, akaandika. Kumbe ukurasa ulikuwa wa bandia, na nywila ikaenda moja kwa moja kwa tapeli fulani ambaye mpaka leo hajulikani. Tapeli yule akaingia kwenye mfumo kwa jina la Waziri na kutangaza kwamba kila Ijumaa ya pili ya mwezi ni Siku ya Shemeji, mapumziko ya kitaifa, na kila mtu ampikie shemeji yake pilau.

Ilipogundulika, pilau ilikuwa imeshaliwa. Serikali ilijaribu kuifuta sikukuu hiyo, mashemeji wakaandamana, na Serikali ikaona iiache. Kamati ya uchunguzi iliniita nijieleze. Niliwaambia kwamba nywila niliyomnong'oneza Mheshimiwa ilikuwa sahihi kabisa, herufi zote ishirini na moja, na kwamba kosa lilikuwa la ukurasa. Kamati ikakubaliana nami. Lakini Mheshimiwa hakukubali, na wiki iliyofuata akaajiriwa Mhandisi Hidaya Mwinshehe.

Nitamwelezea kwa haki. Ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei, anavaa viatu visivyo na kisigino, anazungumza polepole, na hana tabia ya kuinama. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Mimi kwa miaka ishirini na miwili niliinama mpaka mgongo ukapinda. Yeye alisimama upande wa pili wa meza, hatua tatu kamili kutoka kwenye sikio, na Mheshimiwa akanyanyua uso akamtazama.

"Mheshimiwa," alisema, "tatizo si kwamba nywila zako ni fupi. Tatizo ni kwamba zipo. Kitu unachoweza kukitamka, unaweza kumtamkia mwizi."

"Sasa niingie vipi?"

"Kwa simu yako na kidole chako gumba."

Nilicheka, kwa kunong'ona. Hakuna aliyenisikia.

Hidaya akaeleza. Alijua anaongea na Serikali, kwa hiyo alitumia mihuri. Alisema simu ya Mheshimiwa itajichongea muhuri wake yenyewe, humo humo ndani, na muhuri huo hautatoka humo. Kwenye seva ya Wizara itapelekwa sampuli ya alama ya muhuri, basi. Mheshimiwa akitaka kuingia, seva inamtumia karatasi yenye swali jipya, ambalo halijawahi kuulizwa wala halitaulizwa tena. Mheshimiwa anaweka kidole, simu inajua ni yeye, inaipiga karatasi muhuri na kuirudisha. Seva inalinganisha na sampuli. Ikilingana, mlango unafunguka.

"Na mtu akiiba ile sampuli?" akauliza Mheshimiwa.

"Ataweza kuutambua muhuri wako akiuona. Kuuchonga hataweza."

"Akiiba karatasi ya jana iliyokwisha kupigwa muhuri?"

"Swali la jana halina kazi leo."

"Kidole changu nacho kinapelekwa kwenye seva?"

"Hakiendi popote, Mheshimiwa. Kinaiamsha simu tu, na alama yake inabaki kwenye simu."

Mheshimiwa akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri, maana namfahamu.

"Muhuri wenyewe, huo wa ndani ya simu, nani anaujua?"

"Hakuna mtu."

"Wewe?"

"Siujui."

"Mimi, Waziri wa Mambo Yote?"

"Hata wewe, Mheshimiwa. Ndiyo maana hakuna wa kukudanganya ukautoa."

Katika nchi yetu hakuna kitu ambacho Serikali haikijui. Hata vitu ambavyo havipo inavijua na ina mafaili yake. Nilimwona Mheshimiwa akiitazama ile simu pale mezani, na uso wake ukageuka. Niliutambua uso ule, kwa kuwa ni wangu. Alikuwa anaionea wivu simu yake mwenyewe, kwa kujua kitu asichokijua yeye. Nikajisemea, basi, huyu mwanamke ameshafukuzwa. Lakini Mheshimiwa alipoinyanyua simu aliishika kwa mikono miwili, kwa adabu, na kumwambia Hidaya aanze kazi siku hiyo hiyo.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Mheshimiwa alihutubia kwa saa mbili na dakika arobaini.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu maadui wetu wamekuwa wakituuliza siri zetu, na sisi kwa ukarimu wetu tumekuwa tukiwajibu. Leo nasimama mbele yenu kutangaza kwamba zama hizo zimekwisha. Kuanzia leo, Serikali yenu haijui!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bendi ikapiga. Kisha Mheshimiwa akaweka kidole gumba kwenye simu, akaingia kwenye mfumo kwa sekunde mbili, na wananchi wakamwona kwenye skrini kubwa akiwa ameshaingia na hana la kufanya humo.

Kidole hicho kikapewa walinzi wawili. Hidaya alieleza kwamba hakuna haja, kwamba kidole bila ile simu hakifungui kitu wala simu bila kile kidole, lakini Wizara ya Ulinzi ilikuwa imeshaleta watu. Wakakishonea soksi ya pamba. Wanong'onezi elfu nne wakahamishiwa kwenye maktaba za umma, kuwanyamazisha wasomaji, na kwa kuwa maktaba zetu hazina wasomaji, wananyamazishana wao kwa wao. Mimi nilibakizwa ofisini kwa heshima ya umri wangu. Nilipewa kiti karibu na dirisha. Posho ya iliki ilisitishwa.

Mwezi wa tatu baada ya uzinduzi, majirani zetu wa ng'ambo ya mto walituma majasusi wao, wakaiba seva nzima. Zamani tungeshika vichwa. Wakaipekua wiki nzima wasipate nywila hata moja, bali sampuli elfu nne za mihuri ambayo iko kwenye simu za watu. Wakaturudishia seva na barua ya malalamiko. Mheshimiwa aliisoma barua hiyo kwa sauti mara nne, na kila mara alimtazama Hidaya.

Nitasema wazi: nilikuwa naumwa na wivu. Haukuwa wivu wa cheo, cheo nilikuwa nacho bado kwenye karatasi. Ulikuwa wivu wa saa mbili na robo. Saa hiyo ilipofika mwili wangu ulisimama wenyewe kutoka kitini, mdomo ukajaa mate, na kule mezani Mheshimiwa alikuwa akikivua kidole chake soksi na kukilaza juu ya kioo, taratibu, huku akitabasamu. Mimi sikuwahi kutabasamiwa. Nilikuwa upande wa sikio, na tabasamu liko mbele.

Nikaichukua ile simu. Sikuiiba, niliiweka mfukoni mwangu kwa siku mbili. Nilijifungia chooni nikaibonyeza kwa kidole changu. Ikakataa. Nikabonyeza kwa cha pili, cha tatu, vyote kumi, ikajifunga kabisa. Nikainong'oneza nywila ya zamani ya Mheshimiwa, yenye jina la korongo ndani yake, kwa sauti yangu nzuri kabisa. Haikujibu. Nilidhani angalau Mheshimiwa atakwama nje ya mfumo na kuniita, lakini Hidaya alikuwa tangu mwanzo amekiandikisha na kishikwambi cha nyumbani kwa Mheshimiwa, chenye muhuri wake wa akiba. Akaifuta simu kwenye mfumo, kazi ikaendelea, Mheshimiwa hata chai hakuikatiza. Siku ya tatu niliiokota ile simu chini ya kabati, mbele ya mashahidi, na Hidaya akaiandikisha upya.

"Ahsante, Mzee Faki," aliniambia. "Pole kwa kuinama."

Sikulala vizuri wiki ile.

*

Ndipo nikamwendea shemeji yangu Mbwana, anayechora mabango ya Serikali na ana ujuzi kidogo wa kompyuta. Nilimwambia nataka ukurasa unaofanana na wa Wizara, kwa ajili ya kumbukumbu za familia. Nia yangu ilikuwa ya kizalendo. Nilitaka Mheshimiwa aone kwamba mfumo huu nao unaibiwa, aukatae, na sikio lirudi mahali pake.

Mbwana ni fundi. Alichora nembo, alichora picha ya Mheshimiwa kwenye mti, na mti aliuongezea matunda. Anwani ya ukurasa ilizidi ile ya kweli kwa herufi moja tu, na hiyo moja ilikuwa nyembamba. Aliniuliza kama aweke kitufe cha kidole. Nikamwambia aweke. Kisha nikamwambia aweke na kisanduku cha nywila, na juu yake aandike: "Kidole kikigoma, mwite Mnong'onezi wako." Aliniuliza kwani hicho kisanduku cha nini, si nywila zimefutwa? Nilimjibu kwamba mlango wowote wa Serikali lazima uwe na mahali pa kunong'onezea. Sikuweza kuufikiria mlango wa namna nyingine.

Ujumbe ulimfikia Mheshimiwa Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma ya mlango wake, na nilikuwa nimejinunulia iliki.

Nilimsikia akibonyeza. Nilimsikia akiguna, akibonyeza tena. Walinzi wa kidole wakakifuta kwa kitambaa, akabonyeza tena. Nilihesabu mara tisa. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi saba.

"Niitieni Faki."

Niliingia. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Nikatema ganda kwenye leso, nikainama, na sikio lilikuwa pale pale, na nywele zake tatu nyeupe ambazo nilikuwa nimezikosa. Nikamnong'oneza nywila ya korongo. Akaiandika kwenye kisanduku, herufi kwa herufi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshainama, nikaongeza: "Yule mhandisi ana simu mbili."

Wakati huo huo Hidaya akaingia, alikuwa ameitwa na walinzi. Hakuinama. Aliichukua simu, akaitazama kidogo, akaiweka mezani.

"Mheshimiwa, huu si ukurasa wetu. Wetu hauna kisanduku cha nywila."

"Mbona ni wenyewe kabisa? Na mti uko pale."

"Jicho linaona nembo na mti. Simu haitazami mti, inasoma anwani, na hii imezidi herufi moja. Muhuri wako uliandikishwa kwa anwani ya kweli, kwa nyingine haupigi. Ndiyo maana ilikaa kimya."

"Nimeibonyeza mara tisa."

"Ungeibonyeza mara mia."

"Na ile nywila niliyoandika hapo?"

"Aliyetengeneza ukurasa ameipata," alisema Hidaya. "Haimsaidii, haifungui kitu siku hizi. Ingekuwa mwaka jana, sasa hivi tungekuwa na sikukuu nyingine."

Mheshimiwa aliitazama simu, halafu akageuka polepole, mpaka nikaona uso wake wote, kitu ambacho kutoka mahali pangu nilikuwa sijakizoea.

"Hii nimeibonyeza mara tisa, haikusema," aliniambia. "Wewe nimekuita mara moja."

*

Mpaka leo haijulikani nani aliutengeneza ukurasa ule. Kamati ya uchunguzi inaendelea na kazi, na mimi ni mjumbe wake.

Ila Mheshimiwa hakusubiri kamati. Wiki ile ile, kwa Tangazo la Serikali, aliiteua simu yake kuwa Mnong'onezi Mkuu. Alisema amepata mtumishi wa kwanza katika historia ya nchi ambaye ana siri na hana mdomo. Hidaya alijaribu kueleza kwamba simu haikatai kwa uaminifu, kwamba imetengenezwa hivyo tu, na kwamba nchi nzima inaweza kuingia kwa namna hiyo bila kuteua simu yoyote. Alipigiwa makofi na kuombwa akae. Simu ikaapishwa. Wakati wa kiapo haikutamka neno, na jaji akasema ukimya huo ndio kiapo kizito kuliko vyote alivyowahi kupokea. Ilivishwa nishani yangu, ikapewa gari langu, na posho ya iliki ikarudishwa kwa jina lake.

Mimi nilipewa cheo cha Mbebaji wa Mnong'onezi Mkuu.

Kwa hiyo saa mbili na robo bado ninayo. Naingia ofisini na mto mdogo wa mahameli, simu iko juu yake. Mheshimiwa anaweka kidole, anaingia kwenye mfumo. Kisha anageuza kichwa, na mimi naishika simu sikioni kwake, upande ule ule wa kushoto, kwa dakika nzima kama kanuni mpya zinavyotaka. Haisemi kitu. Yeye anafumba macho na kusikiliza. Wakati mwingine anatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo la busara.

Nimefikiri sana nina upungufu gani. Nywila sina tena, taarifa za kizalendo nilikuwa nimeshaacha kwa hiari baada ya kuona Mheshimiwa hazipendi. Nikaona kumbe inachotoa simu ni ukimya, na ukimya hata mimi naweza. Nikaufanyia mazoezi nyumbani, mbele ya kioo. Mke wangu alisema hajawahi kuishi na mtu mzuri namna hiyo.

Juzi nikajaribu. Dakika ilipokwisha niliirudisha simu kwenye mto. Halafu, badala ya kurudi nyuma, nikainama. Nililisogeza domo langu sikioni kwake, mahali pangu pa miaka ishirini na miwili, nikafumba midomo na kukaa kimya. Sikuvuta hata pumzi moja. Hakuna simu duniani iliyowahi kunyamaza namna nilivyonyamaza mimi.

Mheshimiwa akavuta kichwa chake pembeni.

"Faki," alisema, "usiseme."